Kamera Iliyotiwa Mafuta ya Cherehani

Gauni lilikuwa limesimama katikati ya chumba cha kushonea, limevishwa sanamu lisilo na kichwa, na kila aliyepita mlangoni alipunguza mwendo. Lilikuwa jeupe, la harusi, lenye mikono ya lesi na vifungo vidogo vilivyovikwa kitambaa, vimepangwa mgongoni kutoka shingoni hadi kiunoni kama punje kwenye gunzi. Kila kifungo Tondoo alikivika mwenyewe. Pindo nalo alilishona kwa mkono, uzi hauonekani. Baba yake, ambaye kusifu kwake ni kunyamaza, alilipapasa pindo lile kwa muda mrefu, kisha akatoka nje kwenda kukohoa.

Tondoo halikuwa jina lake la kuzaliwa. Baba ndiye aliyemwita hivyo tangu utotoni, kwa sababu alikuwa mdogo, mgumu na mtulivu kama kile kikofia cha chuma ambacho fundi huvaa kidoleni ili sindano isimchome.

"Mchokozeni mpendavyo," baba alizoea kuwaambia wateja, "huyu hatoboki."

Siku hiyo alikaribia kutoboka.

Mambo yalikuwa hivi. Mtaa wa juu kulikuwa na duka la nguo za maharusi, na mwenye duka, mama mmoja mwenye sauti nene ambaye watu wote walimwita Mama Shela, alikuwa akitafuta mshonaji. Jana yake Tondoo alikwenda kuomba. Mama Shela alimtazama kutoka kichwani hadi kandambili, akasema, "Mdomo kila mtu anao, mwanangu. Niletee picha ya gauni ulilolikata na kulishona wewe mwenyewe. Kesho, kabla sijafunga duka. Usipoileta namchukua mwingine, tusilaumiane."

Na gauni pekee ambalo Tondoo alilikata tangu kipande cha kwanza, bila baba kushika mkasi, ni hili. Mwenyewe, bi harusi, alikuwa anakuja kulichukua mchana. Likishavuka kizingiti, limevuka. Nguo zote alizowahi kushona zilikwenda hivyohivyo, zikachezwa katika harusi za watu, na watu wakasema, "Yule mzee fundi kweli." Tondoo alikuwa amechoka kuwa mikono ya mtu mwingine.

Simu ya nyumbani ilikuwa ya vitufe, haina jicho. Lakini kamera ilikuwepo. Kamera ndogo ya dijitali, ya rangi ya fedha, inayoenea kwenye kiganja, aliyoiacha kaka yake alipohamia mbali kikazi. Ilikuwa inakaa kabatini ndani ya soksi.

Asubuhi, kabla ya kuwasha pasi, Tondoo aliitoa kwenye soksi, akaifuta, akabonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya. Akabonyeza tena, akakishikilia kitufe. Kimya kama cha deni la zamani.

"Kamera ya kufa haisikii betri," alisema Shangazi kutoka kwenye mkeka.

Shangazi, dada yake baba, aliishi nao tangu afiwe na mumewe, na kazi yake pale ilikuwa mbili: kutunga shanga na kutunga maneno.

"Haijafa, Shangazi. Betri ndizo zilizokwisha."

Akachomoa betri za saa ya ukutani. Kamera ikawaka, ikatoa mlio, ikazima papo hapo. Betri za saa, alivyojua baadaye, zinaweza kusukuma mshale mwaka mzima lakini haziwezi kusukuma lenzi mara mbili. Alibaki na betri za redio ya baba, na redio ya baba ilikuwa inasoma habari.

"Baba, naomba betri."

"Ngoja wamalize."

"Baba, bi harusi anakuja."

"Na dunia je? Haiji?"

Akangoja. Habari zikaisha, zikaja za michezo. Baba hapendi michezo, lakini siku hiyo aliipenda. Mwishowe Tondoo akanyoosha mkono tu, bila neno, akausimamisha hewani mbele ya pua ya baba mpaka mzee akaona aibu, akafungua mgongo wa redio.

Safari hii kamera iliwaka vizuri. Lenzi ikatoka taratibu kama kobe anayechungulia, ikitoa mlio, zzzii. Kioo cha nyuma kikaonyesha tarakimu zinazomeremeta, kikimwuliza siku, mwezi na mwaka. Hiyo ni kawaida ya kamera iliyokaa muda mrefu bila betri: husahau leo ni lini. Tondoo aliziona zile tarakimu, akawaza, "Hiyo baadaye," akabonyeza kitufe mpaka zikaondoka. Kumbukeni hapo.

Akasimama mbele ya gauni, akalenga, akapiga. Flashi ikalipuka. Akaitazama picha. Hakukuwa na gauni. Kulikuwa na kitu cheupe kinachong'aa, kisicho na vifungo wala lesi wala pindo, kama mzuka ulioamshwa usingizini.

"Umepiga picha ya mwezi?" aliuliza Shangazi akinyoosha shingo.

"Mwanga umezidi. Nguo nyeupe inaurudisha wote."

Akatafuta kile kialama cha radi kinachowasha flashi, akakizima. Akamkabidhi Shangazi kamera aishike, akaenda kufungua pazia la dirisha ili mwanga wa jua uingie. Aliporudi akapiga tena. Safari hii gauni lilionekana, lakini limefifia, kama linatazamwa na mtu mwenye machozi. Akadhani mkono umemtetemeka, maana mahali pasipo na flashi kamera hukawia kufumba jicho, na ukitikisika kidogo tu umeharibu. Akaiweka kamera juu ya kichwa cha cherehani yake, akabonyeza bila kupumua. Ukungu uleule. Lakini mkasi uliokuwa pale juu ya cherehani, karibu na lenzi, ulitoka nafuu kuliko gauni, hata kutu yake ikatambulika.

Akakitazama kioo kwa makini. Kwenye pembe kulikuwa na kiua kidogo. Mwanzoni hakikuwepo.

"Shangazi. Hiki kiua kimetoka wapi?"

"Nimekiweka mimi," alisema Shangazi kwa fahari. "Nilibonyeza-bonyeza nikakiona. Si picha ya harusi? Nikasema ngoja ipate ua."

Tondoo alifumba macho. Kaka yake aliwahi kumweleza: kiua ni cha kupigia vitu vya karibu sana, mdudu, pete, jicho la sindano. Kamera ikiwa kwenye kiua, kitu kilichosimama mbali kidogo haikitambui.

"Shangazi yangu," alisema polepole, "hilo si pambo."

"Basi wangechora mdudu!"

Akakitoa kiua. Akabonyeza kitufe nusu, kama alivyofundishwa, akangoja kile kimraba kigeuke kijani, kikageuka. Akapiga. Akaikuza picha.

Bado ukungu. Si ule wa kwanza. Huu ulikuwa wa mafuta-mafuta, umezunguka gauni kama moshi, na penye mwanga wa dirisha palikuwa na duara lenye rangi za upinde wa mvua. Vifungo vilikuwa vimeshikana vyote kuwa kamba moja. Pindo halikuwepo.

Akaigeuza kamera, akaitazama lenzi usoni. Ilikuwa inang'aa kama paji la uso la mtu aliyekula vizuri. Akaigusa pembeni kwa ncha ya kidole, akanusa kidole. Harufu ile aliijua tangu anatambaa.

"Nani ametia mafuta ya cherehani kwenye kamera?"

Mguu wa baba uliokuwa ukikanyaga cherehani ya pili ulisimama.

"Baba?"

"Ilikuwa inalia," alisema baba.

"Lini?"

"Siku ya kumuaga kaka yako. Kila mkiiwasha, zzzii. Kila mkiizima, zzzii. Nilipokuwa naitia cherehani nikaitia na yenyewe. Tone tu." Akafikiri. "Na tone jingine. Chenye kulia kina kiu, mwanangu. Mlango ukilia unautia mafuta, mkasi ukilia unautia mafuta."

"Kamera ndivyo inavyolia, Baba! Ndiyo sauti yake!"

Shangazi aliweka shanga chini, akajishika mbavu. "Kaka yangu, wenzako huwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Wewe kamera ya watoto umeipaka kwa chupa yenyewe!"

Tondoo hakucheka. Sasa alielewa kwa nini picha zote za siku ile ya kuaga, alizodhani zimeharibiwa na machozi yake mwenyewe, zilikuwa na ukungu. Akasema kwa sauti ndogo, "Naomba mtu asiiguse. Naenda ndani kuchukua kipande cha fulana laini. Nimesema, mtu asiiguse."

Kabati la ndani lilikuwa limekwama mlango, na mlango wa kabati ndio kitu pekee nyumbani mle ambacho baba hakuwahi kukitia mafuta. Alipofanikiwa kulifungua, akachagua kitambaa, akarudi, alimkuta baba ameinama juu ya meza, wembe mkono mmoja, chaki ya fundi mkono wa pili. Alikuwa anaikwangua chaki, na unga wake mweupe ulikuwa unadondoka kama mvua ya rasharasha juu ya lenzi.

"Baba, unafanya nini?"

"Narekebisha kosa langu. Mafuta kwenye kitambaa yanatolewa na nini?"

Tondoo aliukodolea macho ule unga.

"Na chaki. Hata kwenye hariri. Unakwangulia unga, unauacha unywe mafuta, unapangusa. Wewe mwenyewe nilikufundisha." Akapuliza. Unga ukaruka, na uliobaki ukaingia kwenye upenyo unaozunguka lenzi, kule kulikokuwa na mafuta. "Sasa zima uwashe uone."

Na kabla Tondoo hajaifikia meza, kidole cha baba kilikuwa kimeshabonyeza.

Lenzi ilianza kurudi ndani, ikasaga, krr, krr, kama mtu anayetafuna mchanga. Ikasimama njiani. Ikajaribu kutoka, ikasimama. Kioo kikaandika maneno mawili ya lugha ya kigeni, kamera ikalia mara kadhaa, ikazima, na lenzi ikabaki nje nusu, imepinda kidogo, kama ulimi wa mtu anayekudhihaki.

Baba akaondoa kidole. Shangazi akarudi kwenye shanga zake.

Tondoo aliingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo, akalivuta, akauma mkunjo wake, akapiga ukelele ambao haukutoka. Alitaka kuirusha kamera ukutani. Alitaka kumwambia baba maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Alitaka aende kwa Mama Shela mikono mitupu, aseme, "Mama, mimi naweza, ila nyumbani kwetu watu wananisaidia." Akakaa pale mpaka alipouona uzi mmoja umetokeza kwenye pindo la pazia. Akaukata kwa meno kwa mazoea tu. Kisha akatoka.

"Naombeni nafasi," alisema.

Akainamisha kamera uso chini ili uchafu udondoke badala ya kuzama. Akachukua ule mswaki laini wa kufagilia vumbi la cherehani, akafagia pembeni mwa lenzi. Akakata kipande chembamba cha ile karatasi ngumu inayowekwa ndani ya kola ili isimame, akakipenyeza kwenye upenyo wa lenzi, akakizungusha taratibu, kama mtu anayesafisha jicho la mtoto. Kikatoka na uji mweupe, mafuta na chaki. Akakata kingine. Na kingine. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono katikati ya magoti, anatazama kila kipande kikitoka kama mgonjwa anayeonyeshwa jino lake.

"Niwashe pasi?" aliuliza baba kwa unyonge. "Labda joto..."

"Baba, kaa."

Hapo ndipo honi ilipolia nje. Bi harusi aliingia mbio, kitambaa kichwani, na chini ya kitambaa nywele zimeviringishwa kwenye vibanio vikubwa mpaka kichwa kimekuwa kama boga.

"Fundi, gari linanisubiri! Nijaribu, nivue, niondoke. Limeisha?"

"Limeisha, dada. Karibu."

Akaingia nyuma ya pazia. Shangazi akaenda kumfungia vifungo, na kwa mara ya kwanza siku ile Shangazi alifanya jambo la akili: alivifunga polepole, kimoja kimoja, akivisifu. Tondoo alipenyeza karatasi ya mwisho. Akapumulia lenzi, akaipangusa kwa fulana, kutoka katikati kwenda nje. Akabonyeza.

Krr. Zzzii. Lenzi ikatoka yote.

Baba aliinua mikono juu, kisha akaishusha haraka, asije akaonekana anagusa kitu.

Bi harusi alitoka nyuma ya pazia, na chumba kikawa kidogo. Alijigeuza mbele ya kioo, akajishika kiuno, akasema tu, "Haa."

"Dada yangu, naomba nikupige picha moja," alisema Tondoo.

"Na haya maboga kichwani? Wewe! Sura yangu isitokee kabisa."

"Nipe mgongo, basi. Nataka mgongo na pindo. Kichwa sikihitaji."

"Wa kwanza kuniambia hivyo leo." Akacheka, akageuka, akaelekea mlangoni kwenye mwanga. "Upesi!"

Tondoo akaikalisha kamera juu ya kichwa cha cherehani, akahakikisha hakuna radi, hakuna ua. Kwenye pembe ya kioo alama ya betri ilikuwa nyekundu, inapepesa. Akabonyeza nusu. Kimraba kikawa kijani.

"Giza hapo chini kwenye pindo," alinong'ona baba, akasogea kulivuta zaidi pazia la dirisha.

"Baba, usi..."

Klik.

Kioo kikawa cheusi. Kamera ikafa hapo hapo, lenzi nje, bila kuonyesha ilichokiona. Bi harusi alikwisha kuanza kuvua. Muda si mrefu gauni lilikuwa ndani ya mfuko wake, mfuko ndani ya gari, na gari halipo.

Tondoo hakungoja. Alichomoa kadi ya kumbukumbu, kile kidude kidogo kama ukucha, akakifunga kwenye ncha ya leso, akakimbia kwenye duka la kusafishia picha. Yule kijana wa duka alikitumbukiza kwenye mashine, na picha ikatoka polepole, kuanzia juu: kichwa kimekatika kwenye vibanio, vizuri. Shingo. Vifungo, kimoja kimoja, kila kimoja na kivuli chake! Kiuno. Kwenye ubavu wa picha kiwiko cha baba kimeingia, kikubwa, kina uzi. Ukungu kidogo pembeni. Kisha pindo. Pindo lilikuwa safi, na juu ya pindo, kwa tarakimu za rangi ya chungwa, kamera ilikuwa imeandika tarehe. Mosi Januari ya mwaka ambao Tondoo alikuwa bado anang'oka meno ya utoto.

Ile "baadaye" yake ya asubuhi ilikuwa imefika.

Alitaka kukata ukingo wa chini kwa mkasi, lakini angekata na pindo, na pindo ndilo lililokuwa kazi yake nzuri kuliko zote. Kuipiga upya hakuwezekani, gauni limekwenda. Basi akafanya kile ambacho fundi hufanya penye ukingo mbaya: akaukunja kwa ndani, maana kilichokunjwa hakijapotea, akaubana kwa ukucha, ukanyooka.

Mama Shela alikuwa anateremsha nusu ya mlango wa chuma. "Ah. Kandambili amekuja."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Lete." Akaishika picha, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Kidole gumba kikaugusa ule mkunjo. "Hapa umeficha nini?"

"Hakuna kitu, Mama. Pindo."

"Pindo la karatasi?" Akalikunjua. Akasoma. Akamtazama Tondoo juu ya miwani. "Mwanangu, mwaka huu ulioandikwa hapa wewe ulikuwa unashona nini? Nepi zako?"

Tondoo alihisi masikio yanawaka. Angeweza kutunga neno, Shangazi angelitunga zuri sana. Lakini siku nzima ilikuwa imemjaa mpaka kooni, na alipofungua mdomo ikatoka ilivyo: betri za redio, mzuka mweupe, kiua cha harusi, tone la mafuta na tone jingine, chaki, ulimi wa kamera, maboga, kiwiko. "Tarehe nimeiruka mimi mwenyewe, Mama, kwa haraka. Hicho kiwiko ni cha baba yangu. Nilimwambia akae!"

Mama Shela alikuwa ameegemea mlango wa chuma, na mlango ulikuwa unatetemeka kwa kicheko chake. Alipofuta macho akaingia ndani, akavuta droo, akatupa bahasha nene juu ya kaunta. Picha zikatawanyika: maharusi kwenye ngazi za marumaru, maharusi kwenye bustani za waridi, wanang'aa, hawana doa.

"Hizi wameniletea wenzako. Kila mmoja anasema kashona yeye. Nyingine imekatwa gazetini, nyuma yake bado kuna tangazo la sabuni, aliyeileta hakujipa hata tabu ya kulikwangua. Picha nzuri nimechoka nazo. Lakini hii yako..." Akaigonga kwa kucha. "Hii hakuna gazeti ambalo lingethubutu kuichapa. Vifungo umevika wewe?"

"Mimi."

"Na pindo?"

"Mimi."

"Naona. Kesho uje mapema. Kamera uiache nyumbani."

Tondoo alirudi bila kujua acheke au alie. Asubuhi nzima alikuwa amepigana na kila doa, na doa ndilo lililomfungulia mlango. Alimkuta baba kwenye kiti, redio kimya mapajani. Kamera alikuwa ameishika sikioni, lenzi bado nje.

"Umepata?"

"Nimepata, Baba."

Mzee akanyamaza. Akatoka nje, akakohoa kwa muda mrefu. Aliporudi akasema, "Hiki kidude bado kinalia huko ndani, ukisikiliza vizuri. Nafikiri tukikitia kidogo tu, kwa sindano..."

Kesho yake, Tondoo alipokwenda kazini, mkoba wake ulikuwa na mkasi, futi ya kupimia, tondoo ya chuma, na kopo la mafuta. Baba alilitafuta siku nzima.